Tawi Kwenye Njia ya Mkato

Tawi lilikuwa limelazwa tena katikati ya njia, bichi, majani yake yamejaa umande. Kasilda aliliona kutoka mbali, hasira zikampanda.

Akina mama waliomfuata na vikapu vyao walisimama palepale. "Njia imefungwa," alisema mmoja, na kundi zima likageuka kwenda barabarani, kwenye pikapu ya Lyamba. Hata wenye baiskeli waligeuza. Watu wa huku wakikuta tawi bichi limekata njia hawaulizi maswali. Waliotangulia wamesema usipite, basi hupiti. Mtoto anafundishwa hilo kabla hajaanza kutumwa dukani.

"Nyie, kuna mtu anatuchezea tu!" Kasilda aliwapigia kelele. "Rudini!"

Hakurudi mtu. Alilitupa tawi vichakani, akapita peke yake.

Njia ile ilitoka kwenye nyumba mpya walizohamia, upande wa Magamba, ikakatisha porini hadi sokoni Mpanda. Wakazi wa nyumba zile walikuwa watembeaji tangu kuzaliwa. Lakini walipopata bati na sakafu ya saruji, wakaanza kuona haya kuonekana na vumbi miguuni. Wakawa watu wa pikapu. Walikaa juu ya magunia, wakimeza moshi, wakizungushwa barabara ndefu kwenda mahali ambapo mwenye miguu yake angekuwa ameshafika na kupanga nyanya zake.

Bwana Dionizi wa mradi wa mazingira alikuwa ameahidi kuja Jumamosi. Akikuta watu wanaitumia njia, kwa mguu na kwa baiskeli, mradi ungeipanua na kujenga daraja kwenye kijito. Akikuta nyasi, daraja lingepelekwa kwingine. Kwa hiyo Kasilda alipita mlango kwa mlango, akibembeleza, akitania, akigombana. Waliohamia baadaye walidhani anatafuta zawadi ya baiskeli kutoka kwa mradi. Wa zamani walijua sababu.

Siku ya kuhamia huku kutoka Mpanda, lori lilipatikana bila kutarajiwa, na waliojiandaa kwenda kwa miguu wakaambiwa wapande. Njia ya mkato ikafungwa kwa tawi, kama kawaida, ili walio nyuma wasiifuate. Walipofika kwenye nyumba mpya, Dorice, mtoto pekee wa Kasilda, hakuwemo. Walimtafuta barabara nzima, wakamtafuta stesheni, wakamtafuta mashambani. Kila aliyefika kwenye lile tawi alilikuta halijaguswa, akageuka. Binti yule alilelewa vizuri, asingeweza kulivuka.

Kumbe alitangulia kabla halijawekwa. Alikutwa kesho yake kando ya njia, sufuria aliyopewa aibebe ikiwa pembeni yake, mguu umevimba. Nyoka. Daktari alisema angewahiwa angepona.

Kasilda alilia mpaka sauti ikakauka. Kilichomkata maini zaidi ni kwamba mchana kutwa hakuna mtu aliyepita pale. Hata mmoja. Ndiyo maana aliitaka njia ile ijae watu, wachekao, wagombanao, wenye kengele za baiskeli, ili mtoto mwingine asije akakaa humo akiita bila kuitikiwa.

Mumewe, Telesfori, hakulia hata makaburini. Jina la mtoto hakulitaja tena. Lakini Kasilda alipoanza kazi yake ya kuhamasisha, yeye ndiye aliyedamka kabla ya wote na panga lake, akaenda kufyeka nyasi za njiani. Alirudi suruali imelowa umande hadi magotini, akanywa uji wake. Kasilda alimpenda kwa hilo. Aliona kwamba wanaomboleza pamoja, kila mmoja kwa namna yake.

Jioni ya Ijumaa alimkuta Lyamba akiosha pikapu yake.

"Unatufungia njia ili ujaze gari," Kasilda alimwambia. "Huna haya?"

Lyamba aliacha kuosha. "Mama Dorice, pesa naipenda, sikatai. Lakini tawi la njia ile siwezi kuligusa. Ni mikono hii ilimbeba mwanao kumtoa pale."

Kasilda aliondoka machozi yakimlengalenga, wala hakumwamini. Nani mwingine angefaidika njia ikibaki tupu?

Nyumbani alimweleza mumewe. Telesfori aliendelea kumega ugali, macho yake sahanini.

"Usimlaumu anayeweka," alisema hatimaye. "Tawi linawekwa kwa nia njema."

Kasilda aliona anatulizwa tu.

Jumamosi aliamka kungali na ukungu. Upande wa Telesfori kitandani ulikuwa umeshapoa, na panga halikuwepo, kama siku zote. Alijifunga kanga, akaenda kujibanza nyuma ya kichuguu, pale njia ya mkato inapoiacha barabara. Leo angemkamata mshenzi huyo, amburute mpaka mbele ya Bwana Dionizi.

Hakungoja sana. Alisikia tawi likikatwa, kisha hatua za mtu. Mtu huyo alitokea vichakani akiliburuta, akalilaza kukata njia. Halafu akapiga magoti na kuyaweka sawa majani yake, polepole, kama anayemfunika mtoto shuka.

Kasilda alichomoka. "Wewe!"

Mtu yule aligeuka. Suruali yake ilikuwa imelowa hadi magotini, na usoni alikuwa na tabasamu ambalo Kasilda hakuwa ameliona tangu siku waliyohama.

"Leo nimewahi, mama Dorice," alisema Telesfori. "Mtoto hajapita bado."