Gemu ya Nasoro

Siku Nasoro alipozikwa, mama yake, Bi Mwanakheri, aliifungia gemu yake kabatini. Arubaini ilipopita, Zuhura, dada yake Nasoro, akaomba waitoe.

"Niione kwanza," alisema Bi Mwanakheri. "Ikiwa inafunza wizi, haikai humu."

Kwenye gemu, mpelelezi alitakiwa aingie ngomeni bila kuonekana. Bi Mwanakheri akabonyeza vitufe, akampeleka moja kwa moja mlangoni. Walinzi wakampiga risasi.

"Mama, nyemelea! Pita dirishani!"

"Nyumba ya watu, bila hodi? Ndivyo nilivyowalea?"

"Kaka alikuwa anajificha tu, anasubiri walinzi wapite. Hakuua hata mmoja."

"Hata mmoja?"

"Wallahi, mama."

Bi Mwanakheri akaanza upya.

Siku hizi, kila alasiri, wanacheza kwa zamu, na chai hupoa mezani.