Nafasi ya Fyuzi

Mafundi wengine wote wa kampuni, wakifika kwenye nyumba ya mtu, walisubiri nje ya geti mpaka mwenye nyumba arudi kutoka kazini awafungulie. Nchi ile ya jangwa ndivyo ilivyokuwa: mume hayupo, fundi haingii, hata nyumba iwe inafuka moshi. Fundi mmoja tu, waliyemwita Fyuzi, ndiye aliyekuwa anaingia.

Habari hiyo ilimkereketa yule kijana waliyembandika jina la Mgeni. Na yeye alikuwa fundi umeme, tena mwenye cheti, lakini kazi aliyopewa ni kutengeneza viyoyozi juu ya mapaa, kwenye jua lisilo na huruma wala aibu. Pua ilimbambuka. Akirudi bwenini kichwa kinamgonga, anakuta wenzake wanasimulia ya Fyuzi: leo kapelekwa kwa gari, kafanya kazi kwenye ubaridi, wake za matajiri wamemwandalia chakula wakala naye sinia moja, wakamfungia na manukato ya kuondokea.

Mgeni akauliza, na waume zao? Waume zao, akaambiwa, ndio wanaopiga simu wenyewe kumwomba. Hata bwenini Fyuzi halali na wenzake. Kampuni imempangia chumba chake mtaa wa pili.

Mgeni hakuwahi kumtia Fyuzi machoni, na lugha ya wenyeji ilikuwa bado haijamkaa mdomoni. Yote aliyoyajua aliyapata kwa Kiswahili cha bwenini, na Mungu ni shahidi, hakuna aliyemdanganya hata neno moja.

Mwisho uvumilivu ukamwishia. Akamfuata fundi bomba, mkubwa wao kwa umri, akamwambia anataka kumwomba bosi naye apangiwe kazi za ndani.

"Nafasi ya Fyuzi huiwezi," fundi bomba akamwambia.

"Kwani cheti chake na changu si kimoja?"

"Cheti unacho. Kuna kingine huna."

Bweni zima likaangua kicheko, mmoja akapaliwa na chai. Mgeni akajua hapo kinachosemwa ni dawa. Jamaa gani anaachiwa wake za watu hivi hivi, bila kupitia kwa mganga? Akaomba namba, akamwandikia Fyuzi kwa heshima zote: shikamoo mkubwa, mdogo wako naungua huku juu, nipe siri. Jibu halikukawia. Hakuna siri, Fyuzi aliandika. Unapita mlango wa nyuma, unavua viatu, unasalimia, unafanya kazi. Ukimaliza unakula nao, maana ukiondoka bila kula wananuna.

Mgeni alikuwa bado kwenye miezi ya majaribio, na alijua lalamiko moja tu la mteja lingempandisha ndege ya kurudi kwao. Kurudi huko alikuogopa kuliko kifo. Ukoo mzima ulimsindikiza uwanja wa ndege. Mjomba wake alihutubia mpaka wakaguzi wa mizigo wakapiga makofi. Akirudi sasa wangemwita Mtalii mpaka azeeke. Lakini kwa jua lile, kubaki juu ya paa nako kungemrudisha ndani ya sanduku.

Basi siku moja umeme ukakatika kwenye nyumba kubwa, maandalizi ya harusi yamepamba moto. Bosi akaagiza wamsubiri Fyuzi amalize kazi upande wa pili wa mji. Mgeni hakusubiri. Akamwambia dereva ametumwa yeye, akapanda mbele, ubaridi wa gari ukampiga usoni, akafumba macho kwa raha.

Akapita mlango wa nyuma. Akavua viatu. Akasalimia.

Sebuleni palikuwa na wanawake wa rika zote, vichwa wazi, nywele nusu zimesukwa nusu bado. Wakamtazama. Yowe lililofuata lilisikika mpaka barabarani. Sandali ya kwanza ilimpata sikioni. Ya pili hakujua hata ilikotokea. Bibi mmoja mzee, ambaye kutembea kwenyewe ni kwa mkongojo, alimkimbiza mpaka uani.

Mlinzi akamkalisha chini kwenye kibanda cha getini. Baba mwenye nyumba akaitwa, akaja anatetemeka kwa hasira, simu mkononi tayari kuita polisi. Mgeni alitaka kujieleza, lakini neno alilodhani watalielewa lilikuwa moja tu.

"Fyuzi," akasema. "Fyuzi, Fyuzi."

Mlinzi akaingia stoo, akamletea fyuzi mpya, bado iko kwenye pakiti.

Hapo Mgeni akalia. Alilia kweli, mtu mzima na ndevu zake, maana alikwisha kumwona mjomba wake amesimama uwanja wa ndege, safari hii bila hotuba. Pupa ilikuwa imemfikisha pabaya.

Ndipo gari la kampuni likasimama nje. Kwa aibu hakuthubutu kuinua kichwa. Aliona tu buti za kazi zikipita mbele yake, vumbi tupu, na kisanduku cha vifaa kikitua chini. Yakafuata maneno mengi kwa lugha ya wenyeji, ya taratibu, ya mtu anayeaminika pale. Baba mwenye nyumba akaguna. Akaguna tena. Halafu akacheka mpaka akajishika kiuno, na simu akairudisha mfukoni.

Buti zikageuka, zikasimama mbele ya Mgeni.

"Nimewaambia wewe ni mdogo wangu wa tumbo moja, na tangu uzaliwe kichwani una shoti. Wamekusamehe. Sasa futa machozi, ukae hapa nje na wanaume wenzako, dada yako akawashe taa."