Ngolo za Bi Erasma

Siku hizi shamba likikutwa na magugu zaidi ya kumi, mwenyewe ananyang'anywa, linalimwa na mashine. Ndiyo maana Bi Erasma Kapinga alisimama kando ya ngolo zake, yale mashimo ya kilimo ya Wamatengo, akimtazama mkaguzi, kijimashine cha upana wa ungo, akielea juu ya maharage.

"Mama, si nilisema tuchome mabua?" mkwewe Otilia alinong'ona. "Leo shamba linakwenda!"

"Tuchome chakula cha udongo? Tulia, mwanangu, uone."

Kwa mikono yake alikuwa amelaza mabua na majani mabichi ya marejea, mmea wa kurutubisha udongo, akayafukia kwa udongo wa mashimoni, hata gugu likakosa pa kutokea.

"Magugu, hakuna," mkaguzi akatamka.

Bi Erasma akapiga kigelegele, bonde zima likasikia. "Andika! Na jina langu usilikosee!"

"Nimeandika." Lakini hakuondoka. Akashuka, akaipiga picha mikono ya bibi, sugu moja moja.

"Za nini hizo?"

"Za mashine zetu. Bado hazijui kufukia."

Bi Erasma akaiingiza mikono ndani ya kitenge, taratibu, kama aliyehisi baridi.