Goti la Mama na Bangili ya Zamda

Siku hizi kila familia inamyeyushia mtu wake goti la bandia nyumbani, kwa chuma-kioo, yaani chuma kisicho na chembe ndani kama kioo, na tangu nimalize fomu foo kazi hiyo ni yangu. Mama akanipa bangili ya marehemu dada yangu, Zamda.

"Changanya na hii."

"Sawa, ila lazima iive mpaka isahau ilikuwa bangili. Isiposahau, goti litaota chembechembe ndani, lipasuke."

"Isahau? Basi Mkude, ipike kama ugali wako, nusu nusu."

Nikacheka, halafu nikazima tanuri mapema.

Sasa Mama anapanda ngazi akiimba, anasema Zamda kamshika mguu. Mimi namfuata nyuma, mikono tayari, nasikiliza kama kuna kitu kinalia ndani ya goti.