Sinia la Ushindi

Tangu asubuhi redio ilikuwa ikitangaza kwamba vita vimekwisha, tumeshinda, na hasara ni ndogo. Mtaa mzima ulinukia pilau. Kwa Bi Mwatime, ndugu na majirani walizunguka sinia moja, magoti yakigusana, kwa furaha ya kumwona mjukuu wake Shekuwe amerudi hai.

"Bismillahi," akasema Bi Mwatime.

Shekuwe akanyoosha mkono wa kushoto, kisha akaurudisha upesi kama mtoto aliyekamatwa akidokoa. Kwa bibi huyu mkono wa kushoto haukuingia siniani. Aliyethubutu alichapwa kofi. Na wa kulia, Shekuwe aliuacha vitani.

"Nitakula baadaye, bibi. Kwa kijiko."

"Kijiko? Kwani wewe mgeni hapa?"

Bi Mwatime akaficha mkono wake wa kulia ndani ya kanga, akachota pilau kwa kushoto. Tonge likamvunjikia kidevuni. Halafu Shekuwe akaangua kicheko, na wote wakapeleka mikono ya kushoto, wali ukimwagika mapajani, nyama zikiponyoka, kuku wakivamia mkeka.

"Hasara ni ndogo," redio ikarudia.

"Mzimeni huyo," akasema bibi, machozi ya kicheko yakimtiririka. "Hajui kula na watu."

Sinia likaisha, isipokuwa upande mmoja ulioelekea mlangoni. Hapo ndipo alipozoea kukaa Faki, kaka yake Shekuwe, aliyeondoka naye kwenda vitani. Pilau ya upande ule ilikuwa bado inafuka, na hakuna mkono, wa kulia wala wa kushoto, uliokwenda huko.