Mwendo wa Himid

Baiskeli iliwapita. Baiskeli! Tena ya mzee aliyepakia mkungu mzima wa ndizi, na mzee mwenyewe akageuka kuwatazama kwa huruma. Himid akautazama mshale wa mwendo wa pikipiki yake. Ishirini. Hakuongeza hata kidogo.

Nyuma yake Bi Mize alikaa upande, buibui kalibana magotini. Nyuma ya Bi Mize lilifuata tela, na juu ya tela, limelazwa kwenye godoro na kufungwa kamba kila pembe, kabati lake la vioo lililoshuka na boti Wesha asubuhi ile, likipelekwa Mtambile. Na nyuma ya tela ilifuata vespa nyekundu, inapiga honi.

Wiki moja nyuma Himid asingekubali aibu hii. Vijana wa Wesha walimwita Kimbunga, na jina hilo hakulipata kwa kwenda taratibu. Fundi Silima, aliyemchomea lile tela, alimwonya mpaka sauti ikamkauka: ukiwa na mzigo usipite thelathini barabara ikinyooka, na kwenye kona na miteremko usipite ishirini. Ukifunga breki ghafla, tela halisimami nawe, linakusukuma. Ukizidisha mbio linaanza kuyumba, na likishayumba huwezi tena kulituliza. Himid alimjibu, "Sawa, fundi," akaondoka na hamsini.

Lakini sasa alikuwa kaposa. Wazee wake walikwenda Mtambile kwa Mzee Nyange kumposea binti yake, Mwanawema, mwalimu wa skuli. Himid alimwona mara moja tu, kwenye maulidi, na mara hiyo moja ilitosha kumkosesha usingizi. Mzee Nyange hakukataa wala hakukubali. Alisema yale wanayoyasema wazee wote wenye mabinti: "Tupeni wiki, tumuulizie mwendo wake."

Mzee alikusudia tabia, na Himid alilijua hilo vizuri. Lakini kijana wa tela akiambiwa anaulizwa mwendo, jasho lazima limtoke mara mbili.

Leo ilikuwa siku ya saba. Na leo hiyo hiyo bibi asiyemjua, mwenye safari ya Mtambile, kafika bandarini, kawapita wenye pikipiki wote, kamtafuta yeye. Himid si mjinga. Mpelelezi alimtambua pale pale.

"Weye mwana wa nani?" Bi Mize alikuwa kauliza kabla hata hawajafika Chake Chake.

"Wa Hija Masika, bibi."

"Waswali wapi?"

"Msikiti wa Ijumaa, bibi. Safu ya mbele." Safu ya mbele alikuwa kaianza Jumatatu.

"Sigara wavuta?"

"Hata harufu yake siijui."

Bi Mize akaguna. Himid akaona mambo yanakwenda vizuri.

Ile vespa ikapiga honi tena. Himid akasogea pembeni, akatoa mkono kuipisha. Vespa nayo ikapunguza mwendo, ikabaki pale pale nyuma. Aliyeipanda ni mwanamke, kavaa ninja na kofia ngumu juu yake, macho tu ndiyo yanayoonekana. Mwanagenzi huyu, Himid aliwaza, anaogopa kupita. Kimbunga wa zamani angemwachia vumbi. Himid wa leo aligeuza shingo, akasema kwa sauti ya kusikika na bibi, "Pita dada yangu, Mungu akulinde!"

Dada hakupita. Akapiga honi.

"Mwanangu, mbona wenda hivi?" Bi Mize akauliza. "Pikipiki mbovu?"

"Usalama, bibi."

"Nimeacha maharage motoni, miye."

Mtihani huo, Himid akajiambia. Ananijaribu. Akabaki na ishirini yake, na moyo ukamchanua kwa furaha.

Kwenye mteremko wa mwisho kabla ya Mtambile, bata na watoto wake wakaingia barabarani. Himid alikuwa keshapunguza mapema. Akabana breki kidogo kidogo, tela likamsukuma kidogo tu, likatulia. Akashuka, akawavusha bata mmoja mmoja kwa adabu zote, kama wakwe zake. Vespa ikasubiri. Chini ya ile ninja alisikia kicheko, akakisamehe.

Wakafika Mtambile. Vespa ikakata kushoto, ikapotea. Watu wakaliteremsha kabati. Halikuwa na hata mkwaruzo. Himid akakusanya ujasiri.

"Bibi, nisalimie kwa Mzee Nyange."

"Nyange gani?"

Himid akatabasamu kwa ujanja. "Nyange aliyekutuma kunitafuta kule bandarini."

"Mwanangu, miye hapa mgeni, nimekuja kwa mjukuu wangu juzi. Nlikutafuta kwa sababu niliuliza nani atanifikisha upesi, wakanambia Kimbunga. Wamenidanganya wale!"

"Na yale maswali yote?"

"Si mazungumzo ya njiani? Ulitaka ninyamaze saa nzima?" Akakimbilia jikoni, ambako moshi wa maharage ulikuwa umeshatoka kumpokea.

Himid akabaki kasimama kando ya tela tupu. Kapitwa na baiskeli, kachekwa na nchi nzima, na hakuna aliyekuwa akimwangalia. Siku ya saba ilikuwa inakwisha, na Mtambile nzima hapakuwa na mtu wa kumsemea neno jema.

Simu ikalia. Alikuwa mama yake, na nyuma yake vigelegele.

"Himid! Wamejibu sasa hivi! Mzee Nyange kasema hakutuma mtu kukuulizia, binti kamkataza, kasema atakwenda kukuangalia mwenyewe."

"Lini, mama?"

"Karudi saa hii. Kakubali! Ila ana sharti: siku ya harusi ataendesha yeye. Kasema toka Wesha kapiga honi mpaka kidole kimemvimba."