Noti Chini ya Mto

Tausi aliinua mto ili abadilishe foronya, akaona noti.

Tangu bakshishi zianze kukatwa kodi, mtandika vitanda wa nyumba ile ya wageni haruhusiwi kugusa noti mpaka karani aje aiandike. Wiki iliyopita mwenzake Siti alitia moja kifuani. Kumbe karani mwenyewe ndiye aliyeiweka, ameitia alama ya kalamu. Kabla ya adhuhuri Siti alikuwa nje ya lango na kifurushi chake.

Na hii haiwezi kuwa ya mgeni. Bibi Somoe, aliyelala humu, ambaye Tausi alimchemshia maji ya kukanda miguu, alimwambia alfajiri: "Nisamehe, mwanangu. Nauli imepanda tena, sitaweza kukuachia kitu."

Basi ni mtego. Tausi aliurudisha mto taratibu, kama anayefunika nyoka. Halafu akaufunua tena. Noti ilikuwa imekunjwa ikawa ndogo kama hirizi, imelegea kwa jasho, inanuka ugoro. Hiyo imekaa siku nyingi kwenye fundo la kanga. Karani hakunji noti hivyo.

Aliichukua. Nyayo zikasimama mlangoni.

"Umekuta kitu, Tausi?" Ilikuwa sauti ya karani.

Tausi hakugeuka. Dirishani, ng'ambo ya barabara, Bibi Somoe alikuwa amesimama mlangoni mwa basi, anafungua fundo la kanga yake, anatazama ndani, analifunga, analifungua tena, na kondakta anatikisa kichwa.